Daftari limejaa maneno, ulimi bado mzito: nifanyeje na habari za mazungumzo ya amani?

SWALI: Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma habari za Kiingereza kuhusu mazungumzo ya amani ya kimataifa ili nikuze msamiati. Daftari langu limejaa maneno kama "ceasefire", "envoy" na "ratify", na maana zake kwa Kiswahili nazijua. Lakini nikisikiliza taarifa ya habari napotea, na nikitaka kumweleza mtu habari ileile kwa Kiingereza ulimi unakuwa mzito. Je, habari za aina hii zinanipotezea muda? Nianze na maneno gani? Na nitumie kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili au ya Kiingereza kwa Kiingereza?

JIBU: Hazikupotezei muda, ndugu yangu. Kwa anayejifunza lugha, habari za mazungumzo ya amani zina sifa ambayo habari nyingine nyingi hazina: zinajirudia. Popote yanapofanyika, mazungumzo hupita karibu njia ileile. Pande zinakubali kukutana, zinakutana, zinakwama, mpatanishi anaanza kuhangaika huku na huku, mmoja anatishia kuondoka, wanarudi, wanasaini, kisha unaanza ubishi wa nani kakiuka. Mazungumzo ya Camp David, Marekani, mwaka 1978 yalikuwa hivyo kwa siku 13 tu, Misri na Israel zikisukumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani. Serikali ya Colombia na waasi wa FARC walichukua karibu miaka 4 mjini Havana, kisha wananchi wakaukataa mkataba kwenye kura ya maoni ya Oktoba 2016, ukarekebishwa na kusainiwa upya mwezi uliofuata. Muda ulitofautiana na mabara yalitofautiana, lakini maneno ya Kiingereza yaliyobeba habari hizo ni yaleyale kwa kiasi kikubwa. Neno ulilokutana nalo Jumatatu litarudi Alhamisi kabla hujalisahau.

Tatizo liko daftarini. Nomino za uwanja huu ni chache na zinashikika upesi: mjumbe, mpatanishi, azimio, mkataba, mateka, wafungwa. Ukizijua zote bado huwezi kusimulia habari, kwa sababu hujui Kiingereza kinaziunganisha na vitenzi gani. Ndiyo maana ulimi unakwama. Una "ceasefire" mdomoni, lakini hujui inafanywaje, inaanzaje, inadumuje na inakufaje.

Basi tuifuate hiyo "ceasefire" tangu inapozaliwa. Kwanza watu wa nje wana-"call for" usitishaji mapigano, yaani wanautaka ufanyike. Mpatanishi ana-"broker", yaani anazipatanisha pande mpaka upatikane, na pande mbili zina-"agree to". Saa ikifika, usitishaji una-"take effect" au una-"come into force". Ukiheshimiwa, waandishi husema "the ceasefire is holding", kwa kitenzi kilekile cha kushika kitu mkononi. Ukiheshimiwa kwa shida, huitwa "fragile" au "shaky". Upande mmoja ukifyatua risasi, mwingine utasema mwenzake ame-"violate" au ame-"breach". Muda ukikaribia kwisha wana-"extend", na mambo yakiharibika kabisa una-"collapse". Hiyo ni hadithi nzima ya neno moja, na ukiiandika kwa mpangilio huo kwenye ukurasa mmoja utakuwa umepata zaidi ya ulichokipata kwenye kurasa nyingi za neno hapa, maana pale.

Fanya hivyohivyo kwa "talks". Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Sisi tunafanya mazungumzo, kwa hiyo mwanafunzi anasema "make talks" au "do talks". Waingereza husema "hold talks". Yakianza tena yana-"resume", yakikwama yana-"stall", yakifika mahali ambapo hakuna anayesogea huitwa "deadlock". Kwa bahati nzuri "kufikia makubaliano" inaingia moja kwa moja kwenye "reach an agreement", ila usiongeze "to" baada ya "reach". Kosa hilo nalisikia hata kwa watu wanaozungumza Kiingereza kila siku kazini.

Nianze na maneno gani, umeuliza. Ningeanza na yale madogo unayodhani unayajua. Chukua "break". Katika habari hizi "talks broke down" ni kwamba mazungumzo yamevunjika kwa kutoelewana. "Talks broke up" ni kwamba kikao kimemalizika na watu wametawanyika, na inaweza kuwa wamekubaliana au la. "They broke off talks" ni kwamba wao ndio waliojitoa. "They broke the ceasefire" ni habari mbaya, "they broke the deadlock" ni habari njema, na "breakthrough" ndiyo hatua kubwa ambayo kila mpatanishi anaiombea. Au chukua "strike": "they struck a deal" ni kwamba wameafikiana, ilhali "they struck a convoy" ni kwamba wameshambulia msafara. Vyote viwili vinaweza kuwa katika aya moja ya habari ileile. Msomaji anayeruka kitenzi na kukimbilia nomino ngumu hapa ndipo anapoachwa njiani, kisha analaumu maneno makubwa.

Yako pia maneno ya kawaida yanayobadili sura yakiingia kwenye uwanja huu. "The warring parties" si vyama wala sherehe, ni pande zinazopigana. "Outstanding issues" si masuala bora sana, ni yale ambayo bado hayajamalizwa, na kwa kawaida ndiyo magumu kuliko yote. "To observe a truce" ni kuiheshimu, wala hakuna anayeitazama, ingawa "observers" ni waangalizi kwelikweli. "Exchange" inaweza kuwa ya wafungwa, ya maoni au ya risasi. "Release" hufanyiwa mateka na hufanyiwa taarifa kwa vyombo vya habari. Na "settlement" ndiyo inayosumbua zaidi kwenye habari za Israel na Wapalestina, maana ni suluhu inayotafutwa, na pia ni makazi ya walowezi yanayozuia suluhu hiyo kupatikana. Ukiona "settlement" angalia kinachoizunguka: ikiwa na "reach" au "negotiated", ni suluhu, ikiwa na "build" au "expand", ni makazi.

Sasa kuna kundi la maneno ambayo sisi huyafasiri yote kwa usitishaji wa mapigano, na tofauti zake zina uzito. "Truce" mara nyingi ni ya muda mfupi, na wahariri wanaipenda kwa sababu ni fupi na inakaa vizuri kwenye kichwa cha habari. "Ceasefire" ndilo neno la jumla. "Armistice" ni makubaliano rasmi ya majeshi kuacha kupigana, lakini si mkataba wa amani. Vita Vikuu vya Kwanza vilisimama kwa "armistice" ya tarehe 11 Novemba 1918, na mkataba wa amani wa Versailles ukasainiwa tarehe 28 Juni 1919. Huko Korea "armistice" ilisainiwa Panmunjom tarehe 27 Julai 1953, na mpaka leo "peace treaty" haijafuata. Ndiyo maana utasoma mara kwa mara kwamba Korea mbili "are technically still at war". Ukishaelewa pengo hilo, neno "technically" nalo linaeleweka bila kamusi. Kisha kuna "cessation of hostilities", yaani kukoma kwa uhasama. Serikali ya Ethiopia na TPLF, chama cha Tigray kilichokuwa kikipigana nayo, waliposaini mjini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, makubaliano yao yalipewa jina refu, "Agreement for Lasting Peace through a Permanent Cessation of Hostilities". Soma jina hilo polepole. Lina "lasting" na lina "permanent", maneno mawili ya kudumu katika mstari mmoja, na mtu haandiki hivyo bila sababu.

Tukiwa bado kwenye vichwa vya habari, tahadhari moja. Ukikuta "Rebels urged to return to talks", usidhani waasi ndio waliohimiza. Wamehimizwa. Kichwa cha habari kimemeza "are" au "have been", kwa hiyo kutendwa kunafanana na kutenda. "Rivals sign deal" ni jambo lililokwisha kutokea, japo kitenzi kiko katika wakati uliopo. "Rivals to sign deal" bado halijatokea. Sarufi ya vichwa vya habari ina mengine pia, lakini bila hayo utasoma habari nzima ukiwa umeipindua.

Nikuonyeshe jinsi ninavyosoma sentensi moja. Hii nimeitunga mwenyewe, ila utakutana na ndugu zake kila wiki: "Talks aimed at ending the conflict resumed on Tuesday after a two-week pause, but officials familiar with the discussions said the two sides remained far apart on key issues." Kitenzi kikuu cha nusu ya kwanza ni "resumed". Hicho ndicho habari yenyewe. "Aimed at ending" ni maelezo tu ya mazungumzo hayo ni ya nini, na kishazi hicho kinafaa kuandikwa kizima, "aimed at" pamoja na "-ing" yake. "Officials familiar with the discussions" ni watu waliomo ndani ambao hawataki kutajwa majina. Si jambo geni, ila Mswahili anayesoma kwa mara ya kwanza anaweza kudhani "familiar" ni maofisa wanaofahamika. "Remained far apart" hakihusu umbali wa viti, ni misimamo iliyo mbali. Halafu rudi kwenye "but". Kabla ya "but" kuna matumaini ya kidiplomasia, baada yake kuna hali halisi. Waandishi wa habari hizi hupenda sana umbo hilo, na mimi nikiwa na haraka huanza kusoma baada ya "but".

Sehemu ambayo ningekusihi uitulie ni "will" na "would". Fikiria sentensi mbili: "Under the agreement, prisoners will be released" na "Under the proposal, prisoners would be released". Ya kwanza inasema wafungwa wataachiliwa, imekubalika. Ya pili inaeleza yatakayokuwa iwapo pendekezo litakubaliwa, na huenda lisikubaliwe kamwe. Habari za upatanishi zimejaa "would" kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya upatanishi ni mambo ambayo bado hayajawa. Nimeona tafsiri nyingi za Kiswahili zikigeuza "would" kuwa "wataachiliwa", na msomaji akaenda kutangaza amani ambayo haipo. Kila ukikuta "would", jiulize sharti lake ni nini na limeandikwa wapi katika aya. Mara nyingi ni "proposal", "plan" au "draft" iliyotajwa sentensi moja nyuma. Nyongeza ndogo: "said", "claimed", "insisted" na "acknowledged" hazibadilishani. "Claimed" ni mwandishi anajitenga na maneno aliyoambiwa. "Acknowledged" ni msemaji anakubali jambo ambalo pengine angependa lisijulikane.

Na "the"? Wengi wetu tunaipuuza kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Wanadiplomasia hawaipuuzi. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 22 Novemba 1967 baada ya vita vya siku 6, linazungumzia kuondoka kwa majeshi ya Israel "from territories occupied in the recent conflict". Halikusema "from the territories". Israel imeshikilia kwamba kukosekana kwa neno hilo kunaonyesha si maeneo yote yaliyotekwa. Nchi za Kiarabu zimeshikilia kwamba ni yote, na maandishi ya Kifaransa, "des territoires occupés", ambamo "des" inaweza kusomeka kama "from the", yamekuwa yakitajwa kuunga mkono hoja hiyo. Watu wanabishana juu ya herufi tatu tangu mwaka 1967. Ukisoma habari yako ya leo, chagua aya moja, ufunike kila "the" kwa kidole na ujiulize maana imebadilika wapi. Zoezi hilo linachosha, lakini silijui lingine linalofundisha "the" vizuri kuliko hilo.

Kuhusu kusikiliza, sehemu ya tatizo ni sauti wala si msamiati. "Cease" inaishia kwa sauti ya s, "seize" inaishia kwa z. Majeshi yaliyo-"cease" yameacha kupigana na majeshi yaliyo-"seize" mji yameuteka, mambo yanayopingana kabisa. "Resume" ina z katikati. "Negotiate" inatamkwa na "sh" pale ilipoandikwa "ti", nawe ukingoja kusikia t hapo hutaisikia. Tamka maneno hayo kwa sauti mwenyewe kabla ya kusikiliza. Kisha fanya hivi: soma au sikiliza kwanza habari hiyo katika idhaa ya Kiswahili, ya BBC au DW kwa mfano, ndipo uende kwenye Kiingereza. Sioni kosa lolote hapo. Ukishajua nani amekutana na nani na wamekwama wapi, sikio linabaki na kazi moja tu ya kushika lugha. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha habari za Kiingereza zilizosomwa polepole kwa msamiati wa maneno 1,500 hivi, na mtindo huo wa habari nyepesi kwa wanafunzi umeigwa na wengi. Kwa mwezi wa kwanza anzia hapo, halafu toka. Anayekaa huko mwaka mzima huzoea mwendo ambao hakuna mtu anayezungumza nao.

Kitu kingine ambacho ningebadilisha ni ule mtindo wa kusoma leo habari ya nchi hii na kesho ya ile. Chagua mazungumzo mamoja na uyafuate mpaka mwisho. Yanaweza kuwa yaliyokwisha. Ireland Kaskazini inafaa sana: mwenyekiti wa mazungumzo alikuwa Mmarekani, George Mitchell, mkataba ulipatikana Belfast tarehe 10 Aprili 1998, na wananchi waliupigia kura Mei ya mwaka huohuo. Ukipenda ya karibu zaidi nasi, kuna mazungumzo ya Sudan yaliyoendeshwa Kenya chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo, tangu itifaki ya Machakos ya mwaka 2002 mpaka mkataba uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mkataba huo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, na utaona tofauti kati ya "shall" ya wanasheria na "will" ya waandishi wa habari. Ukiwa na habari moja ndefu, majina ya watu na ya mahali hayakusumbui tena, na nguvu yako yote inakwenda kwenye lugha.

Daftarini, acha kuandika kila neno geni. Likikutokea mara ya kwanza, pita. Mara ya pili, lipigie mstari. Mara ya tatu, liandike pamoja na kitenzi chake na sentensi nzima ulimolikuta. Jioni funga kila kitu na usimulie habari ya siku kwa sauti, sentensi nne au tano, kwa sharti la kutumia vitenzi vitatu kutoka daftarini. Usipofanya hili la kusimulia, mengine yote yatakupa uwezo wa kusoma tu, na malalamiko yako ya ulimi mzito yatabaki palepale.

Nikuambie pia ukweli ambao orodha za maneno 100 ya diplomasia hazikuambii: Kiingereza hiki hakitakusaidia sana kupiga soga. Ni lugha rasmi. Kitakufaa kwenye mitihani, usaili wa kazi, tafsiri, uandishi, na kwenye mkutano wowote ambao watu wanavutana juu ya mishahara au masharti, maana huko nako kuna "concessions" (kulegeza masharti), "deadlock" na "common ground" (mambo mnayokubaliana). Lakini sebuleni ukisema umefanya "a frank exchange of views" na kaka yako, watakucheka, na wakijua lugha ya mabalozi watakuuliza mligombana juu ya nini, kwa sababu hiyo ndiyo maana yake.

Mwisho, kamusi. Tumia zote mbili kwa kazi tofauti. Nomino zitafute kwenye ya Kiingereza kwa Kiswahili: "envoy" ni mjumbe, umemaliza, endelea kusoma. Vitenzi vipeleke kwenye kamusi ya Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi, ile yenye mifano ya sentensi, kwa sababu unachotafuta huko ni jirani zake kuliko maana. Jaribu na "broker" uone. Kamusi ya lugha mbili huenda ikakupa dalali, na utashangaa dalali anatafuta nini kwenye mazungumzo ya amani. Kamusi ya wanafunzi itakuonyesha kwamba ni kitenzi pia, na kwamba kinachofuata baada yake ni "deal", "ceasefire" au "agreement". Andika vyote vitatu.